Fahamu: Kwa nini kilomita 390 huchukua saa nzima angani?

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni takriban kilomita 390 kwa mstari ulionyooka, na kwa barabara ya Morogoro ni kama 450. Ndege ya mapangaboi ya Dash 8-400 huruka zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Mbona basi ratiba huonyesha takriban saa moja?

Muda unaenda wapi?
Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama. Humo mna kusubiri ruhusa ya kuruka, kupanda taratibu, kushuka na kujipanga kutua. Katika safari fupi, kasi kamili hutumika kwa dakika chache tu.

Treni je?
Tangu 2024, treni ya reli ya kisasa (SGR) huunganisha miji hii kwa takriban saa tatu na nusu hadi nne. Ukijumlisha foleni ya kwenda uwanja wa ndege, ukaguzi na kusubiri mizigo, pengo kati ya ndege na treni hupungua sana.

Kwa nini uwanja wa ndege wa Msalato, Dodoma?
Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi, hivyo ndege huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia. Njia ya Msalato ina urefu wa mita 3,600, inayotosha ndege kubwa. Kutoka hapo, Dubai, umbali wa takriban kilomita 4,100, ingefikika moja kwa moja kwa saa tano hivi.