Plamu za Elburgon: Kagua Kwanza, Lipa Baadaye

Msimu wa plamu ukifika, ni vigumu kupita Elburgon bila kusimama. Wengine wetu hununua za kula njiani. Wengine hubeba za kutengeneza pombe tamu ya plamu nyumbani. Kuitengeneza si kazi. Pesa hupotea wakati wa kununua.

Ndoo: mimina uone

Juu plamu zinang'aa, chini zimepondeka. Tuseme ndoo ya kilo 10 ni shilingi 700. Unahesabu 70 kwa kilo, unafurahi. Ukifika nyumbani utupe kilo 3, hizo 7 zilizobaki zimekugharimu 100 kila kilo. Jirani yake aliyekuwa akiuza za kuchagua kwa 90 ndiye alikuwa na bei nzuri!

Kwa hivyo sema kwa upole: "Mama, naomba tuzimimine nizione." Muuzaji mwaminifu hakasiriki. Chagua zilizoiva lakini bado ngumu kidogo, zisizo na ukungu.

Jina: lisome kabla ya PIN

Ukilipa kwa till au namba ya simu, soma jina linalotokea, umuulize muuzaji kama ni lake. Na ukiona tangazo mtandaoni, "kreti zinaisha leo, tuma nusu sasa hivi," tulia. Hiyo haraka ndiyo mtego. Usitume deposit ya matunda ambayo hujayaona, lipa ukishapokea. Ukituma pesa kimakosa, tupigie hapo hapo, kwani mpokeaji akishazitoa, kuzirudisha huwa vigumu. Na kumbuka, sisi hatutawahi kukuuliza PIN yako.

Chupa: usinunue ya bei ya kutupa

Utahitaji vodka. Nunua dukani penye leseni, chupa iwe na stempu ya KRA, na uikague kwa programu ya Soma Label. Pombe bandia inaweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua. Sukari na matunda haviiondoi.

Sasa tengeneza

1. Osha plamu kilo 1, zikauke kabisa, kisha zitoboe kwa uma.
2. Zitie kwenye chupa safi ya kioo yenye mdomo mpana, pamoja na sukari nusu kilo.
3. Mimina vodka mililita 750 au zaidi, hadi plamu zote zizame. Funga vizuri.
4. Weka mahali penye giza. Tikisa kila siku hadi sukari iyeyuke, kisha mara moja kwa wiki.
5. Baada ya miezi 2 au 3, chuja.

Ni ya watu wazima wa miaka 18 na zaidi, na ni ya nyumbani tu. Kuuza pombe bila leseni ni kosa chini ya sheria ya vileo ya mwaka 2010.

Ndoo, jina, chupa: kagua yote matatu kabla hujabonyeza PIN.