Intaneti ndani ya lori: jihadhari na mnara wa jirani

Dereva anayelala ndani ya lori Tunduma, akisubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, Zambia, anahitaji intaneti kila siku. Wakala wa forodha humtumia nyaraka kwa simu, na mwenye mzigo anataka kujua gari limefika wapi. Waraka ukichelewa, lori nalo hulala, na gharama huongezeka.

Tatizo la kwanza mpakani ni minara. Mawimbi ya nyumbani yakififia, simu huweza kushika mtandao wa nchi jirani yenyewe, na salio likaisha kwa bei ya ng'ambo kabla gari halijavuka. Dawa yake ni kuzima intaneti ya ng'ambo kwenye simu na kuchagua mtandao kwa mkono.

Pili, dereva awe na laini ya kila nchi anayopita, iliyosajiliwa kwa jina lake. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019. Laini ya mtu mwingine inaweza kufungwa akiwa safarini.

Tatu, bati la kebini hupunguza mawimbi. Modemu yenye antena juu ya paa husaidia. Malori mengi makubwa yana umeme wa volti 24, ilhali modemu nyingi hutumia volti 12, hivyo kifaa cha kupunguza umeme ni lazima.

Hata hivyo, pasipo mnara antena haisaidii kitu. Nyaraka zihifadhiwe kwenye simu mapema, na nakala za karatasi ziwepo garini.