Je, Wajua? Kizazi Kilicholalia Nyuma

Je, wajua kwamba mwanamke mmoja kati ya watano hivi ana kizazi kilicholalia nyuma, upande wa uti wa mgongo, badala ya kuinamia mbele juu ya kibofu cha mkojo? Wengi wamezaliwa hivyo. Ni umbile, si ugonjwa.

Kwamba mlalo huo peke yake hauzuii kushika mimba? Ugumba ukiambatana nao, mara nyingi chanzo ni kingine, kama vile endometriosisi au makovu ya maambukizi ya nyonga.

Kwamba mimba ikiwa changa, ultrasaundi ya juu ya tumbo huenda isimwonyeshe mtoto vizuri, kwa kuwa kizazi kiko mbali na kifaa? Kipimo cha kupitia ukeni huonyesha wazi zaidi. Mama asikate tamaa kwa picha moja yenye ukungu.

Kwamba mimba inapokua, kizazi hujiinua chenyewe na kutoka nyongani, kwa kawaida kufikia wiki ya 12 hadi 14?

Kwamba mara chache sana, takriban katika mimba 1 kati ya 3,000, kizazi hushindwa kupanda na kunaswa nyongani? Shingo yake husukumwa mbele na juu, njia ya mkojo ikabanwa. Dalili huanza mara nyingi mwezi wa nne: mkojo kugoma au kutoka matone tu, maumivu ya kiuno na chini ya tumbo, choo kuwa kigumu.

Kwamba tiba huanza na mpira wa mkojo? Kibofu kikishatolewa mkojo, mama huweza kuelekezwa kupiga magoti na kuinamisha kifua hadi kitandani, makalio yakiwa juu. Kizazi kisipoachia, daktari hukisukuma taratibu kwa mkono. Kadiri mama anavyowahi hospitali, ndivyo kizazi kinavyorudi kwa urahisi.

Kwamba nchini Marekani, tangu Oktoba 1, 2015, kizazi kilicholalia nyuma huandikwa kwa misimbo hii kwenye faili la mgonjwa? Asiye mjamzito huandikiwa N85.4. Mjamzito ambaye hajatimiza wiki 14 huandikiwa O34.531, tarakimu ya mwisho huwa 2 au 3 mimba ikiingia kipindi cha pili au cha tatu. Kizazi kilichonaswa kina kundi lake, O34.51.

Kwamba O hiyo ni herufi, si sifuri, na misimbo inayoanza nayo huandikwa kwenye faili la mama tu, kamwe si la mtoto?

Kwa hiyo, ukiambiwa kizazi chako kimelalia nyuma, usihofu. Hudhuria kliniki kama kawaida. Lakini mkojo ukigoma, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyohiyo.