Oman ya Ndugu na ya Kasa

Kutoka Dar es Salaam hadi Muscat ni mwendo wa saa tano hivi kwa ndege, na ukishatua unasogeza saa yako mbele kwa saa moja tu. Kinachokupokea kwanza ni joto. Mwezi Juni jua la Muscat hupita nyuzi 40, na hata baada ya isha ukuta wa nyumba ukiugusa bado unachoma.

Ugeni, kwa wengi wetu wa Unguja na Pemba, huishia hapo. Seyyid Said, sultani wa Oman, alihamishia makao yake Unguja miaka ya 1830, falme za Oman na Zanzibar zikatenganishwa mwaka 1861, na baada ya Mapinduzi ya 1964 watu wengi wenye asili ya Oman walikimbilia ng'ambo. Sultani Qaboos alipotwaa madaraka mwaka 1970 aliifungulia mlango jamii hiyo, nao wakaja na elimu yao, wakajaza ofisi na hospitali za dola iliyokuwa ndiyo kwanza inajijenga. Ndiyo maana leo unaweza kupanda teksi Muscat ukateta na mwenzio kwa Kiswahili, kumbe dereva anakusikia neno kwa neno.

Kwa shangazi yetu, Seeb, asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, kisha halua na kahawa chungu yenye iliki. Shikamoo inaitikiwa marahaba kama Malindi au Mkunazini. Wajukuu ndio wameshahama: Kiswahili wanakifahamu vizuri sana wakigombezwa, ila majibu yao ni ya Kiarabu. Na jamaa wa huko wana desturi moja inayochosha, ya kudhani mgeni amekuja kutembezwa madukani. Soko la Mutrah linatosha, kwa ubani na majambia yake. Mengine yote ni viyoyozi.

Nchi yenyewe ina ukubwa wa kilomita za mraba 309,500 hivi, sehemu kubwa jangwa na mawe, na milima ya Hajar ikipanda hadi karibu mita 3,000. Mtu aliyezoea Serengeti atadhani hakuna mnyama awezaye kuishi humo. Wapo, lakini ni wachache na wana hadhari. Choroa wa Arabuni, mweupe mwenye pembe ndefu, aliwindwa hadi wa mwisho porini akauawa hapa mwaka 1972. Mwaka 1982 wakarudishwa jangwani waliozalishwa katika bustani za wanyama. Hifadhi yao iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Kisha majangili wakawapunguza tena, serikali ikaikata hifadhi kwa asilimia 90, na mwaka 2007 UNESCO ikaifuta, ikiwa ya kwanza duniani kufutwa. Nchi ya mafuta kujikwaa hivyo ni aibu, na sisi tunaobishana kila siku juu ya mipaka ya hifadhi zetu ingetufaa kuijua habari hiyo.

Kwa kasa, Oman imefanya vizuri zaidi. Ukifuata pwani kusini-mashariki unafika Sur, mji wa mafundi wa majahazi. Vyombo vya huko vilikuwa vikishuka na kaskazi hadi Lamu na Unguja, vikirudi na kusi vikiwa na boriti za mikoko. Mbele yake kidogo ni Ras al Jinz, ufuo ambako kasa wa kijani hupanda kutaga. Huendi utakapo. Wageni hupelekwa kwa makundi, usiku au alfajiri, nyuma ya mwongozaji mwenye tochi moja.

Tulimkuta mmoja akichimba. Makasia ya nyuma yalikuwa yakifanya kazi kwa zamu: moja linateka mchanga kama kijiko, linauweka pembeni taratibu, jingine linaufagia mbali, na mwili mzima haujongei. Mayai yakaanza kudondoka, meupe, ya mviringo, mawili mawili, yanang'aa kwa ute. Hutaga kama 100 kwa mkupuo. Machozi yalimtiririka, nayo si ya uchungu. Ndivyo anavyotoa chumvi mwilini. Alipoanza kufukia, mchanga ulirushwa hadi usoni kwa watoto, na hakuna aliyethubutu kucheka. Makinda huanguliwa baada ya miezi miwili hivi, huku mbweha, kaa na shakwe wakiwasubiri.

Kasa wa kijani tunao hata kwetu; Mafia hutaga na kuangua, na ni wangapi kati yetu tumekwenda kuwatazama?

Mwenye jamaa Oman basi asikubali likizo iishie Muscat. Aende kati ya Juni na Agosti, msimu wa kutaga ukiwa umepamba moto, avumilie joto, na aweke nafasi Ras al Jinz mapema. Simu ibaki mfukoni: kasa akiona mwanga kabla hajaanza kutaga, hugeuka akarudi baharini.