Sarafu za mtandaoni: Usiachie mali yako kabla hujaipokea haki yako

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyejulikana kwa uaminifu wa biashara hata kabla ya kupewa utume, na ziwafikie watu wa nyumba yake na Masahaba wake wote.

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi hivi leo yumo kijana anayenunua na kuuza sarafu za mtandaoni, kama vile Bitcoin na USDT. Mara nyingine wazazi wake hawana habari. Wapo pia ndugu zetu walioko Ughaibuni ambao huzituma sarafu hizo nyumbani badala ya fedha, kisha aliyezipokea akalazimika kumtafuta mtu wa kumuuzia ili apate shilingi za matumizi. Mtu huyo aghalabu hamjui. Wamekutana katika simu, hawajapata kuonana uso kwa uso, na pengine hawataonana abadani. Hapo ndipo matapeli walipoweka mtego wao.

Makala haya hayana nia ya kumhimiza yeyote kuingia katika biashara hii. Wanavyuoni wa zama zetu wamehitalifiana juu ya hukumu yake. Taasisi ya Fatwa ya Misri na Mamlaka ya Mambo ya Dini ya Uturuki zilitoa kauli za kuikataza Bitcoin kati ya mwaka 2017 na 2018, ambapo Baraza la Ushauri wa Sharia la Kamisheni ya Dhamana ya Malaysia liliruhusu mwaka 2020 biashara ya mali za kidijitali katika masoko yaliyosajiliwa. Serikali nazo zina kauli zao. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kuwa sarafu hizo hazikubaliki nchini, na mwaka 2024 sheria ya fedha ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 juu ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Benki Kuu ya Kenya iliwatahadharisha wananchi Desemba 2015, na Oktoba 2025 nchi hiyo ikapata sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali hizo. Hivyo basi, kila mmoja na amuulize mwanachuoni anayemwamini, na aijue sheria ya nchi yake. Lakini aliyekwisha kuingia, au anayetumiwa sarafu hizo na jamaa yake, ana haki ya kujua namna ya kuilinda mali yake. Kuilinda mali ni miongoni mwa makusudio matano makuu ya Sharia.

Mizani isiyo sawa

Chanzo cha matatizo yote tutakayoyataja ni kimoja, na anayekielewa atakuwa ameshapata nusu ya kinga. Sarafu ya mtandaoni ikishatumwa na kuthibitishwa haina marejeo. Mtandao wa Bitcoin, ulioanza kazi Januari 2009, hauna meneja wala ofisi ya malalamiko. Hakuna wa kupigiwa simu akairudisha sarafu iliyokwenda kwa tapeli. Fedha za kawaida ni kinyume chake. Malipo ya benki yanaweza kusimamishwa, fedha za simu zinaweza kuombewa kurejeshwa kwa madai ya kutumwa kimakosa, na huduma kama PayPal humruhusu mlipaji kufungua malalamiko hadi siku 180 baada ya kulipa.

Kwa hiyo wawili wanapobadilishana, mmoja anatoa kitu kisichorudi na mwingine anatoa kitu kinachoweza kurudi. Tapeli daima hutaka kukaa upande wa pili.

Sharia yetu ililiangalia jambo hili karne nyingi kabla ya kuwapo kompyuta. Wanavyuoni wa fiqhi wanaliita qabdhi, yaani kupokea na kumiliki kwa hakika. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kuuza chakula alichokinunua kabla hajakipokea kikamilifu. Na katika kubadilishana dhahabu na fedha aliamrisha iwe mkono kwa mkono, pasi na kucheleweshana. Ahadi ya malipo si malipo, na habari ya malipo si malipo vilevile.

Ujumbe si fedha

Hila iliyo nyepesi kuliko zote ni ujumbe wa uongo. Muuzaji anapokea katika simu yake maandishi yanayofanana kabisa na yale ya kampuni ya simu, yenye jina, kiasi na namba ya muamala. Au mnunuzi anamtumia picha ya simu yake inayoonyesha kuwa fedha zimekwenda. Kisha linafuata shinikizo: nina mgonjwa hospitalini, nimo safarini, mbona hunitendei haki nami nimekwisha kulipa? Muuzaji akiona haya anaachia sarafu, na akija kuangalia salio lake halikuongezeka hata senti moja.

Dawa yake ni moja tu. Usisome ujumbe, soma salio. Fungua mwenyewe huduma yako ya fedha kwa namba yako ya siri, au programu ya benki yako, uone kama fedha zimeingia. Usifungue kiungo alichokutumia yeye. Kama mtandao wa simu una matatizo siku hiyo, subiri. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na mnunuzi mkweli hatadhurika kwa kusubiri robo saa.

Fedha ya mtu wa tatu

Hila ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu ndani yake fedha huingia kweli. Tuchukulie kijana wa Mombasa anauza USDT 200. Tapeli anajitia mnunuzi. Wakati huohuo tapeli huyo anamtangazia mtu mwingine, tuseme mama mmoja wa Nakuru, kwamba anauza simu kwa bei nafuu, na anampa namba ya yule kijana kuwa ndiyo ya kulipia. Mama analipa. Kijana anaona salio limeongezeka, anaachia sarafu kwa tapeli na kuridhika. Kesho yake mama hajapata simu, anakwenda polisi, na namba iliyopokea fedha zake ni ya kijana. Akaunti inafungwa, na kijana anaitwa kujieleza kwa kosa asilolijua.

Ndugu msomaji, tazama uzito wa jambo hili. Hapa si suala la hasara peke yake. Kijana aliyeuza kwa nia safi amejikuta ameshika haki ya mama wa watu. Qur'ani katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, inatukataza kuliana mali kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Mama yule hakuridhia kununua sarafu, wala hakujua kuwa zipo.

Kinga yake ni jina. Jina la aliyelipa lazima liwe lilelile la mtu uliyepatana naye, na lililothibitishwa kwa kitambulisho katika jukwaa mnalofanyia biashara. Akisema analipa kwa simu ya kaka yake, au mwajiri wake, au rafiki, usikubali. Zikiwa fedha zimeshaingia kwa jina jingine, usiachie sarafu, wala usizirudishe kwa namba mpya unayopewa na huyohuyo unayezungumza naye. Toa habari kwa jukwaa na kwa kampuni ya simu au benki, ili zirejee zilikotoka.

Mwadilifu wa kushika amana

Hapa msomaji atauliza: ikiwa muuzaji hatoi mpaka apokee, na mnunuzi naye ana haki ya kuogopa, nani aanze? Fiqhi ina jibu. Katika mlango wa rahani wanavyuoni wameeleza kuwa pande mbili zinaweza kukubaliana rehani iwekwe kwa mtu wa tatu anayeitwa mwadilifu, asiyeitoa ila kwa mujibu wa mapatano. Majukwaa makubwa ya kubadilishana sarafu yanafanya kazi kwa mfano unaokaribiana na huo: sarafu za muuzaji hufungwa na jukwaa, mnunuzi hulipa, muuzaji huthibitisha kupokea, ndipo zinapofunguliwa. Wakigombana, jukwaa linatazama ushahidi.

Ndiyo sababu tapeli hupenda kumtoa mtu nje ya jukwaa. Atasema tuzungumze WhatsApp au Telegram, nitakupa bei nzuri, tuepuke makato. Au atamleta mshika amana wake mwenyewe, mwenye picha ya heshima na sifa nyingi za wateja, ambaye kwa hakika ni yeye au mshirika wake. Na wengine hujifanya wahudumu wa jukwaa, wakaandika kuwa fedha zimeshikiliwa na hazitatolewa mpaka sarafu ziachiwe. Mwadilifu huchaguliwa na pande zote mbili kwa kujulikana uadilifu wake. Anayeletwa na mmoja katikati ya biashara hana sifa hiyo.

Tukumbuke pia kwamba jukwaa lenyewe si la milele. LocalBitcoins ya Finland, iliyoanza mwaka 2012 na kutumiwa na watu wa nchi nyingi, ilifunga biashara zake Februari 2023. Hivyo jukwaa ni mahali pa kupitishia biashara, si ghala la kuwekea akiba ya familia.

Anayenunua naye ajihadhari

Mnunuzi ana mitego yake. Kwanza, bei iliyo chini mno ya soko. Anayeuza dola kwa nusu ya thamani yake ama ameiba ama hana cha kuuza; tamaa mbele, mauti nyuma. Pili, sarafu bandia: yeyote anaweza kutengeneza sarafu na kuiita USDT, ikaonekana katika pochi ya simu ilhali haina thamani. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hakikisha ni ile halisi kwa anwani rasmi ya mtoaji wake. Tatu, muamala ambao haujathibitishwa. Katika Bitcoin uthibitisho mmoja huchukua wastani wa dakika 10, na kwa kiasi kikubwa desturi ni kungoja thibitisho 6, yaani takriban saa moja.

Aidha kuna hila ya anwani zinazofanana. Tapeli hukutumia kiasi kidogo mno kutoka anwani ambayo herufi zake za mwanzo na mwisho ni sawa na za mtu unayemtumia mara kwa mara, akitaraji utainakili kutoka katika orodha ya miamala yako. Mei 2024 mtu mmoja alipoteza kwa njia hiyo mali ya takriban dola milioni 68 kwa muamala mmoja, ingawa baadaye sehemu kubwa ilirejeshwa. Isome anwani yote, na utume kwanza kiasi kidogo cha majaribio.

Na yale maneno 12 au 24 yanayofungua pochi ni ufunguo wa sanduku. Hapewi mnunuzi, hapewi muuzaji, wala hapewi anayedai ni mhudumu. Hakuna biashara halali inayoyahitaji.

Kwa wanaopendelea kukutana ana kwa ana, wakutane mchana, ndani ya ukumbi wa benki ambapo noti zitahesabiwa na kuwekwa mbele ya karani. Asiende mtu peke yake, na asibebe simu yenye akiba yake yote.

Andikeni, na mshuhudishe

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Wahenga wetu nao wakasema mali bila daftari hupotea bila habari. Hifadhi mazungumzo, jina la uliyepatana naye, namba ya muamala, anwani ya pochi, tarehe na saa. Siku mtu atakapodai kuwa alikutumia fedha kimakosa, daftari hilo ndilo litakalokusemea.

Aliyetapeliwa asikae kimya kwa kuona aibu. Aiarifu kampuni ya simu au benki mara moja, kisha jukwaa, kisha polisi. Na ajihadhari na wale watakaomjia baadaye wakidai wanaweza kumrudishia sarafu zake kwa ada kidogo. Hao ni matapeli wa mkondo wa pili. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba Muumini haumwi mara mbili kutoka shimo moja.

Wazazi, waulizeni vijana wenu kwa upole wanauza nini na kwa nani, kwani anayeogopa kukaripiwa nyumbani huficha hasara mpaka ikawa deni. Na enyi vijana, msiwe upande wa pili wa dhulma hii. Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni akakuta unyevu uliofichwa ndani, akamkemea mwenye nacho na kueleza kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Anayeghushi ujumbe wa malipo leo ndiye yule aliyeficha unyevu chini ya lundo.

Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakuondoi wajibu wa kumfunga ngamia, kama alivyofundishwa yule aliyeuliza. Salio lililoonekana kwa macho, jina lililolingana, amana iliyo kwa mwadilifu na daftari lililoandikwa: hizo ndizo kamba zetu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali, aturudishie wenzetu waliodhulumiwa bora kuliko walichopoteza, na atukinge tusidhulumu wala tusidhulumiwe. Amin.