TETEMEKO NA UDONGO WA MBUGA

Tunapenda kueleza kwa nini tetemeko moja huweza kuitikisa nyumba iliyo mbugani kuliko iliyo juu ya mwamba.

Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliupiga Mkoa wa Kagera. Watu wasiopungua 16 walifariki, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

Tetemeko hutoa mawimbi ya aina mbili ndani ya ardhi. La kwanza husukuma na kuvuta, kama watu waliopanga foleni wakisukumwa kwa nyuma. La pili hutikisa upande kwa upande, kama kamba inayochezeshwa mkononi. Hili ndilo huangusha kuta zaidi. Katika mwamba, la kwanza huenda kama kilometa 6 kwa sekunde na la pili kilometa 3.5. Basi aliye umbali wa kilometa 42 hufikiwa na la kwanza baada ya sekunde 7 na la pili baada ya 12. Sekunde hizo 5 ni nafasi ya kujikinga.

Wimbi la pili hutegemea ugumu wa kitu linamopita. Ndani ya maji halipiti kabisa. Kwenye udongo laini mwendo wake huweza kushuka hadi meta 150 kwa sekunde. Nguvu iliyokuwa ikienda mbio hujikusanya mahali padogo, hivyo ardhi huyumba zaidi. Ndivyo ilivyokuwa Mexico City mwaka 1985: chanzo kilikuwa mbali, zaidi ya kilometa 300, lakini sehemu za mji zilizojengwa juu ya tope la ziwa la kale ziliangamia.

Hapa Shinyanga tuna vilima vya mawe, na chini yake mbuga za udongo mweusi. Udongo huo huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hivyo hupasua kuta hata bila tetemeko. Anayejenga huko amwone fundi anayeujua udongo, na asiache nondo na mkanda wa zege kwa kubana matumizi.

Nanyi wanafunzi, mkihisi mtikisiko wa kwanza, ingieni chini ya dawati imara, kingeni vichwa, na kaeni mbali na madirisha. Msingoje wa pili.