Ramani za bure katika simu: Msafiri wa Meru na Embu achague ipi?

MSAFIRI anayetoka Embu kuelekea Meru kwa barabara kuu hana haja kubwa ya ramani. Lami humpitisha Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu hadi afike mjini. Taabu huanza anapoiacha lami hiyo. Dereva wa ambulensi anayemfuata mgonjwa mashambani, mwendeshaji bodaboda aliyetumwa mzigo na mgeni anayekwenda matangani katika kijiji asichokijua, wote hubaki kutegemea maelezo ya kwamba ukifika penye mugumo, pinda kushoto.

Ndiposa wengi sasa huikimbilia simu. Programu za kuelekeza njia zisizolipiwa ni nyingi, lakini hazilingani. Anayechagua bila kuzingatia mambo machache huenda akajikuta usiku kwenye ukingo wa mto usio na daraja.

Jambo la kwanza ni kufahamu jinsi simu inavyofanya kazi. Simu hujua mahali ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti: zile za GPS za Marekani, na katika simu nyingi za kisasa, zile za Urusi, Ulaya na Uchina pia. Mawimbi hayo hayatozwi hata senti na hayahitaji data. Usahihi wake kwa raia uliongezeka Mei 2000, Marekani ilipoondoa kizuizi kilichokuwa kikiwapotosha watumiaji wasio wanajeshi. Kinachohitaji mtandao ni ramani yenyewe. Iwapo ramani haijahifadhiwa ndani ya simu, msafiri atakayeingia mahali pasipo mtandao ataona kitone cha mahali alipo kikielea juu ya ukurasa mtupu.

Kwa hivyo, swali la kwanza la kuuliza ni hili: je, programu inaniruhusu kupakua ramani mapema, na itanielekeza hata data ikiisha?

Google Maps, iliyoanzishwa mwaka wa 2005, ndiyo inayojulikana zaidi. Sifa yake kuu ni wingi wa majina ya maduka, shule, hospitali na vituo vya mafuta, pamoja na taarifa za msongamano wa magari. Mtumiaji anaweza kupakua eneo analolitaka, kwa mfano kuanzia Embu hadi milima ya Nyambene. Hata hivyo, bila mtandao programu hiyo humwelekeza mwenye gari tu. Anayetembea kwa miguu hapati maelekezo, na taarifa za msongamano hutoweka.

Waze, iliyonunuliwa na Google mwaka wa 2013, hutegemea madereva wanaoarifiana kuhusu ajali na foleni. Inafaa Nairobi na Thika, ambako watumiaji ni wengi na mtandao haukatiki. Katika vijiji vya Tharaka au Mbeere, ambako barabarani kuna watumiaji wachache wa kuarifiana, faida yake hupungua sana.

HERE WeGo ina asili yake katika kampuni ya Nokia, ambayo Januari 2010 ilianza kutoa huduma ya kuelekeza njia bila malipo kwa wenye simu zake. Programu hiyo humwezesha mtumiaji kupakua ramani ya nchi nzima.

Kundi la mwisho ni Organic Maps na OsmAnd. Zote mbili hutumia OpenStreetMap, ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka wa 2004 na ambayo huchorwa na watu wa kujitolea kote duniani. Mwaka wa 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliitumia kuuchora mtaa wao, ambao ulikuwa karibu mtupu katika ramani za umma. Organic Maps ni nyepesi, haina matangazo, na huelekeza bila mtandao hata kwa anayetembea. OsmAnd ina mengi zaidi ya kurekebisha, lakini humtaka mtumiaji awe na subira ya kujifunza. Udhaifu wa zote mbili ni kwamba kijiji ambacho hakuna aliyekichora hakionekani vyema, na majina ya biashara ni machache.

Swali la pili linahusu umbo la nchi yenyewe. Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, mito kama Thuchi, Nithi na Mutonga huteremka katika mabonde makubwa kuelekea Tana. Njia nyingi hufuata migongo ya vilima. Vijiji viwili vinavyotazamana huenda vikatenganishwa na bonde lisilo na daraja, na safari ikawa ndefu mno. Programu ikichora njia ya mkato kupitia bondeni, msafiri aikuze ramani na kuhakikisha kwamba daraja lipo. Aidha, programu nyingi huhesabu urefu wa njia pasipo kujua kwamba mvua za Machi hadi Mei au za Oktoba hadi Desemba zimeigeuza murram kuwa tope. Hapo mwenyeji hujua kuliko simu.

La tatu ni namna ya kutumiana mahali kwa tarakimu. Ikweta huikata barabara kati ya mji wa Meru na Nkubu. Meru mjini iko kaskazini yake, ilhali Embu iko kusini, takriban nyuzi 0.53. Latitudo ya Embu huandikwa ikitanguliwa na alama ya kutoa. Anayeisahau alama hiyo atampeleka mwenziwe zaidi ya kilomita 110 kaskazini mwa Embu, ng'ambo ya Mlima Kenya. Kwa mgonjwa anayesubiri ambulensi, kosa la alama moja laweza kugharimu uhai. Ni heri kutuma mahali kwa kibonyezo cha programu kuliko kunakili tarakimu kwa mkono.

Ushauri wetu ni kuwa na programu mbili: Google Maps ya kutafuta mahali kwa jina, na Organic Maps au HERE WeGo ya kuongozea data inapokatika. Pakua ramani nyumbani, kisha zima data na uijaribu kwa njia unayoijua kabla ya kuiamini kwa usiyoijua. Beba chaji ya ziada, kwa kuwa kioo kinachowaka safari nzima humaliza betri haraka.

Hatimaye, ikumbukwe kwamba ramani huonyesha njia tu. Julai 2022, basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia kutoka daraja la Nithi na zaidi ya watu 30 wakafariki, katika barabara kuu ambayo kila dereva wa huko anaijua. Weka njia kabla ya kung'oa gari, mwachie abiria simu, nawe ushike usukani.